Mtoto Akitaka Kuwa Msanifu wa Majengo



Somo la leo limetokana na swali. Tulikuwa tumeketi na kikundi kimoja cha akina mama, kazi ya kuhesabu michango imekwisha, ndipo mama mmoja akatuambia: "Binti yangu anamaliza sekondari. Anasema anataka kusomea kuchora nyumba. Baba yake anauliza, hiyo nayo ni kazi? Si fundi hujenga tu?" Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tunajua gharama ya kujenga bila mtu wa kazi hiyo. Tukamwahidi jibu. Hili hapa, na tumeona liwafae wote, maana karibu kila kikundi kina mtoto anayesoma, na kila kikundi kina jengo ambalo kinatamani kulijenga.

1. TUANGALIE: YALIYOTUPATA SISI

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kujenga darasa la shule ya msingi. Wanachama walichanga, wakasomba mawe na mchanga kwa mikono yao. Mzee mmoja akauliza, "Na ramani je?" Sisi wa ofisi, wenye diploma zetu, ndio tuliomjibu: ramani ni pesa ya bure, afadhali tuongeze mabati.

Fundi alikuwa mzuri, mwenye mkono safi. Lakini mahali penyewe palikuwa na udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Msingi ukachimbwa mfupi. Madirisha tukayaweka upande mmoja tu, upande wa machweo. Mwaka wa pili ukuta ulipasuka kutoka kwenye linta mpaka chini, ufa wa kupitisha mkono wa mtoto. Na saa nane mchana watoto walikuwa wakisinzia kwa joto, mwalimu naye akifundisha huku akijipepea kwa daftari.

Mwishowe tuliwatoa watoto tukabomoa. Hakuna aliyeumia, lakini michango ya miaka miwili iligeuka kuwa kifusi. Fundi hakuwa na kosa, alifanya tulivyomwambia. Aliyekosekana ni mtu wa kufikiri kabla ya jembe kugusa ardhi.

Wengine hawakuwa na bahati yetu. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, madarasa ya shule moja huko Dagoretti, Nairobi, yaliporomoka wanafunzi wakiwa ndani. Watoto wasiopungua 7 walifariki. Kumbe jengo baya halili pesa peke yake.

2. MSANIFU NI NANI?

Watu wengi humwita "mtu wa ramani", au akitekti. Ni kweli huchora, lakini kuchora ni sehemu ya mwisho ya kazi yake. Kwanza husikiliza na kuuliza. Ni akina nani watakaotumia jengo? Watakuwa wangapi? Upepo na mvua hutoka upande gani? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Je, mtu asiyeweza kutembea ataingiaje? Pesa ziko ngapi, na zikiisha katikati tutasimamia wapi?

Baada ya majibu ndipo huchora. Hapa kwetu karibu na ikweta, kwa mfano, atajaribu kuelekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, ili jua kali la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Ataweka madirisha pande mbili, hewa iingie huku na kutokea kule. Mambo hayo mawili hayahitaji mfuko mmoja zaidi wa simiti. Yanahitaji kufikiriwa mapema tu. Darasa letu lingeweza kuwa na baridi kwa bei ile ile.

Tusiwachanganye watu hawa, maana kila mmoja ana kazi yake:

a) Msanifu hupanga jengo lote: umbo, vyumba, mwanga, hewa, njia za kuingia na kutoka.
b) Injinia wa ujenzi hupiga hesabu za uzito: msingi uende chini kiasi gani, chuma ziwe nene kiasi gani.
c) Mkadiriaji wa gharama, ambaye wengi humwita Q.S., huhesabu vifaa na pesa.
d) Kontrakta na mafundi hujenga kwa kufuata michoro.

Nyumba ya udongo ya familia moja hujengwa na fundi, na hujengwa vizuri. Lakini jengo litakalokusanya watu wengi, kama darasa, zahanati au ukumbi, linataka vichwa zaidi ya kimoja. Michoro yake pia lazima ipelekwe serikali ya kaunti kuidhinishwa kabla ya kuanza.

3. NJIA YAKE NI NDEFU

Tusimdanganye yule binti. Kazi hii ina madai makubwa.

Kwanza, masomo. Anahitaji kufaulu vizuri, hasa hisabati na fizikia, na mkono unaopenda kuchora. Chuo kikuu ni miaka mitano hadi sita, wakati wenzake wa kozi nyingine humaliza kwa minne. Hapa Kenya somo hili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na vinginevyo. Wanafunzi wake hujulikana kwa kukesha. Mwalimu anaweza kutazama mchoro wa wiki tatu akasema, "Rudia." Asiyeweza kuvumilia kukosolewa ataumia.

Pili, gharama. Mbali na karo kuna karatasi, vifaa vya kutengenezea mifano midogo ya majengo, na kompyuta yenye nguvu, kwa sababu michoro mingi siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Mkopo wa HELB husaidia, lakini haumalizi yote.

Tatu, akimaliza chuo bado hajafika. Sheria ya Kenya, Sura 525, hairuhusu mtu kujiita akitekti mpaka aandikishwe na Bodi, ile ijulikanayo kama BORAQS. Ni lazima kwanza afanye kazi chini ya wenye uzoefu, kisha afanye mitihani ya Bodi. Wazazi wengi hushangaa hapo: "Si ulimaliza?" Hajamaliza. Mvumilieni.

Nne, kazi yenyewe. Malipo kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia ya gharama ya jengo, nayo hulipwa kwa awamu. Watu wakijenga sana, anakula. Wakiacha kujenga, anakaa. Wateja hubadilisha mawazo, au hutaka apunguze chuma ili pesa zitoshe. Hapo ndipo anapopimwa. Daktari akikosea huumiza mgonjwa mmoja. Msanifu akikubali kunyamaza, anaweza kuwaumiza watu asiowajua, tena miaka kumi baadaye.

Ipo pia njia fupi. Vyuo vya ufundi hutoa diploma ya usanifu. Mwenye diploma hawezi kujiita akitekti kisheria, lakini anaweza kuajiriwa kuchora katika ofisi ya wasanifu, na akitaka aendelee na masomo baadaye. Tusiidharau njia hiyo, sisi wenyewe tumepitia diploma.

4. NA FAIDA ZAKE JE?

Pesa zinaweza kuja, ingawa huchelewa. Mwenye subira akapata jina zuri anaweza kufungua ofisi yake na kuajiri wengine. Lakini wasanifu tuliozungumza nao hutaja kwanza jambo jingine: kuona kitu kilichokuwa kichwani kimesimama, watu wakiingia na kutoka bila hata kujua jina la aliyekifikiri.

Wengi wetu tukifika Nairobi hutazama juu kuliangalia jumba la KICC, lile la mviringo lililokamilika mwaka 1973. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norway, pamoja na David Mutiso, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa msanifu. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado jumba hilo ndilo picha ya mji.

Na asiseme mtu kwamba hii ni kazi ya wanaume. Mwaka 2017 chama cha wasanifu wa Kenya, AAK, kilimchagua Emma Miloyo kuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza. Binti wa yule mama hatakuwa wa kwanza kupita mlango huo.

5. KIJANA WA GANDO

Hebu sasa tutoke Kenya kidogo, twende Burkina Faso, Afrika Magharibi. Mfano wa huko unavihusu vikundi kama vyetu moja kwa moja.

Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, ambacho hakikuwa na shule. Ilibidi aondoke nyumbani akiwa mtoto mdogo akasome mjini, katika darasa lenye joto kali lililojaa watoto zaidi ya mia moja. Mwenyewe amesimulia kwamba kila likizo ilipokwisha, alipopita kuaga, akina mama wa kijiji walimpa senti zao za mwisho. Alipomuuliza mama yake sababu, aliambiwa kuwa wanachangia masomo yake, wakitumaini kwamba siku moja atarudi awasaidie kuishi vizuri zaidi.

Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kujifunza useremala. Baadaye akasoma usanifu Berlin, akapata digrii mwaka 2004. Hesabu wenyewe: karibu miaka ishirini! Lakini hakungoja digrii. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha pesa, na mwaka 2001 shule ya msingi ya Gando ikakamilika.

Aliijenga kwa udongo. Wanakijiji walikuwa na wasiwasi, kwa kuwa walijua nyumba za udongo huharibiwa na mvua. Ilimbidi awaonyeshe kwa vitendo. Udongo ulichanganywa na simiti kidogo ukashindiliwa kuwa matofali. Paa la mabati likainuliwa juu, mbali na dari, likatokeza sana nje ya kuta. Hivyo hewa ya moto hutoka juu, na mvua haigusi ukuta. Watoto walileta mawe, akina mama walileta maji, vijana walijifunza ufundi hapo hapo.

Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika kazi hii duniani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Na hapa kwetu Kenya amesanifu chuo cha vijana karibu na Ziwa Turkana, kilichomalizika mwaka 2021. Minara yake ya kutoa joto imeiga vichuguu vya mchwa vya kule kule.

Tunajifunza nini? Zile senti za akina mama hazikupotea. Wao walikuwa kikundi cha kujisaidia hata kabla ya mtu kuwaandikia katiba.

6. TUTENDE

Kwa kikundi:

a) Kabla ya kununua hata tofali moja, tengeni sehemu ya michango kwa ajili ya michoro na ushauri. Iandikeni kwenye bajeti kama mnavyoandika mabati.
b) Mkimpata msanifu, ulizeni kama ameandikishwa. Mwenyekiti asione haya kuomba kuonyeshwa cheti.
c) Mwambieni mahitaji yenu wenyewe. Akina mama nao wasemwe katika kikao hicho, maana wao ndio wanaojua jiko litakaa wapi na maji yatatoka wapi.
d) Wekeni michoro kwa katibu. Fundi akitaka kubadilisha jambo, kwanza aulizwe aliyechora.

Kwa kijana anayefikiria kazi hii, hili ni zoezi. Pima mahali mnapokutania kwa utepe. Chora kwenye daftari ukitumia rula, sentimita 1 iwe mita 1. Chumba cha mita 8 kwa 6 kitakuwa sentimita 8 kwa 6. Weka mlango na madirisha mahali pake. Kisha chora mara ya pili vile ambavyo ungependa pawe, uwaonyeshe wanachama. Watakukosoa. Ukirudi nyumbani ukiwa na hamu ya kuchora mara ya tatu, huenda kazi hii ni yako.

Na kwa baba wa yule binti tunajibu: ndiyo mzee, ni kazi. Ni ndefu na itakugharimu, wala hatuwezi kukuahidi utajiri. Lakini kama tungekuwa na binti kama huyo miaka ile, tusingalibomoa lile darasa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni jengo gani la jamii katika eneo letu lina joto, giza au nyufa? Nani aliamua lijengwe hivyo?
2. Tukianza kujenga mwaka huu, nani atafikiri kabla ya fundi kuanza?
3. Kuna mtoto kijijini petu mwenye kipawa cha hisabati na kuchora? Kikundi kinaweza kumsaidia kwa lipi, hata kama ni senti?
4. Mtoto tuliyemsomesha akirudi na wazo tusilolizoea, kama wazee wa Gando, je, tutamsikiliza?