Maziwa Ndani ya Oili: Je, Gasketi Imeenda?

Wasomaji wenzangu, bila shaka mmewahi kumwona fundi akifungua kifuniko cha oili, akaona utando mweupe kama malai, na papo hapo akatamka, "Hii gasketi imeenda." Mwenye gari hushikwa na tumbo joto, maana kung'oa hedi ya injini ni gharama si haba. Kwa maoni yangu hukumu hiyo aghalabu hutolewa mapema mno.

Ndani ya injini, maji na oili hupita katika njia jirani, na gasketi ndiyo inayozitenga. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi yaweza kupinda au kupasuka, gasketi ikaungua, maji yakapenya. Krenki huyakoroga na oili mpaka rangi ikawa ya chai ya maziwa. Oili kama hiyo hailindi vyuma. Beringi husagika na injini hunoki, kama wasemavyo makanika.

Lakini maji yana mlango mwingine. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji! Mengi hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, ila kidogo hupenya kando ya pistoni. Safari ikiwa ndefu, joto huufukuza mvuke huo. Gari likienda kilomita mbili tatu na kuzimwa, hugeuka matone chini ya kifuniko, hasa penye baridi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu ya ami yangu kule Limuru, mwezi wa Julai. Kazi yake ni kutoa kabeji shambani na kuzifikisha sokoni, basi. Fundi wa kwanza alitaka kung'oa hedi siku iyo hiyo. Wa pili, mzee mpole, alichomoa kijiti cha kupimia oili: kilikuwa safi, na oili haikuwa imeongezeka. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, akalegeza kidogo nati ya kumwagia oili. Hapo Fizikia ilinifurahisha kwelikweli: maji ni mazito kuliko oili, kwa hivyo hulala chini na kutoka kwanza. Ilitoka oili tupu. Kisha akaijaza rejeta ikiwa ingali baridi (ya moto haifunguliwi ng'o, itakuunguza uso), akawasha injini na kuchungulia. Hakukuwa na mapovu.

Wengine hudondosha tone la oili juu ya bati la moto. Likitatarika, lina maji. Sawa, ila bati halitakwambia maji hayo yametoka wapi. Harufu tamu ya kulanti kwenye moshi mweupe nayo husaidia, lakini wengi wetu hutia maji ya mfereji tu, kwa hivyo usiitegemee.

Ami alipangusa kifuniko akaenda Naivasha na kurudi. Utando haukuonekana tena, na wiki nzima rejeta haikupungua.

Lau kijiti kingetoka na chai ya maziwa, oili imepanda na rejeta inapungua bila kuvuja nje, gari hilo lisingefaa kuwashwa tena, hata kwa kupelekwa gereji. Lingevutwa. Na hata hapo fundi angepaswa kuipima rejeta kwa pampu ya presha kwanza, kwani injini nyingine, hasa za dizeli, zina kifaa cha kupozea oili kwa maji, nacho kikitoboka huleta maziwa yayo hayo huku gasketi ikiwa nzima.