MOYO NA UMEME WAKE

 

Ndugu wanafunzi, wekeni viganja vyenu kifuani. Kinachogonga hapo hakiungwi na TANESCO, lakini kinatumia umeme. Juu ya moyo, upande wa kulia, kuna kikundi cha seli alizoziumba Allah zitoe amri ya umeme. Sodiamu, potasiamu na kalsiamu huingia na kutoka ndani ya seli hizo, umeme ukapatikana, na moyo ukapiga. Kwa siku moja hupiga takriban mara 100,000.

Umeme ukidhoofika
Amri hiyo ikilegea au njia yake ikikatika, mapigo hupungua na mtu huweza kuzimia. Hapo madaktari huweka betri ya moyo: kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye waya unaofika moyoni. Wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili ni Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Aliishi hadi mwaka 2001. Hapa kwetu betri hizo huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili.

Nyama ya moyo ikifa
Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya nyama yake hufa. Ngozi ikichubuka huota nyingine. Nyama ya moyo haioti hivyo, bali hubaki kovu, na kovu halipigi. Betri nayo haifufui nyama iliyokufa.

Ndipo wataalamu wakageukia seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukuzwa zikawa seli za moyo. Tatizo ni kwamba hubaki za kitoto na dhaifu. Mwalimu wake ni umeme. Mwaka 2004, katika chuo cha MIT, Marekani, seli za moyo za panya wachanga zilipigwa umeme mdogo mfano wa ule wa moyo, zikajipanga na kupiga pamoja. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Columbia kilitumia seli za moyo wa binadamu zilizotokana na seli shina, kikiongeza kasi ya umeme siku hadi siku. Baada ya wiki 4 zilikaribia kufanana na nyama ya moyo uliokomaa.

Tahadhari
Kazi hizo zilifanyika maabara, si kifuani mwa mgonjwa. Basi akija mtu nyumbani na vidonge au unga wa "seli shina" akidai unafufua moyo, mzazi asitoe fedha, wala mgonjwa asiache dawa za hospitali. Kutafuta tiba ni katika dini yetu, na kuuliza wenye elimu ni sehemu ya kutafuta.

Maswali
1. Umeme wa moyo unatokana na nini?
2. Betri ya moyo inaweza nini, na haiwezi nini?
3. Kwa nini seli shina hupigwa umeme?