Namba Fupi ya Gari: Mnunuzi Hununua Nini Hasa?

Aprili 2023, namba P 7 iliuzwa mnadani Dubai kwa dirhamu milioni 55. Mwaka 2008, namba 1 ya Abu Dhabi iliuzwa kwa dirhamu milioni 52.2. Madalali hupenda kuzitaja bei hizi. Twamshauri mnunuzi azielewe kabla hajatoa akiba yake.

Kwanza, uhaba. Chini ya kila herufi ya Dubai, namba za tarakimu moja haziwezi kuzidi 9. Za tarakimu mbili hazizidi 90, za tatu 900, na za tano 90,000. Ndiyo maana kila tarakimu inayoongezeka hupunguza thamani, ingawa zinazojirudia huipandisha.

Pili, nia ya mnada. Minada yote miwili tuliyoitaja ilikuwa ya hisani, na mnunuzi wa hisani hulipia pia sadaka na sifa. Bei hiyo isiwe kipimo chako. Linganisha na namba zenye herufi ileile na idadi ileile ya tarakimu, zilizouzwa karibuni katika minada ya kawaida.

Tatu, haki. Kibao chenyewe ni bati tu. Thamani imo katika daftari la usajili. Mwenye kibao asiye na usajili hana cha kuuza. Kwa hiyo malipo na uhamisho vifanyike kwa pamoja, kupitia mamlaka ya usajili. Muuzaji akidai malipo ya awali kabla ya kuonesha hati yenye jina lake, usimlipe.