Malafu Yetu na Hewa

Ndugu wanashirika wa Kasongo na Kabambare, malafu tunayogema asubuhi ni matamu. Jioni yamekuwa makali. Siku mbili tatu, siki tupu, na feza ya soko imepotea. Sababu ni hewa: inasaidia vijidudu kugeuza pombe kuwa siki. Bidoni iliyobaki nusu inaharibika mbio zaidi.

Tufanye hivi:

1. Tuoshe vyombo kwa maji ya moto. Masalia ya jana yanachachusha ya leo.
2. Tuchuje, tujaze chupa ndogo mpaka shingoni.
3. Kizibo tusikikaze: gesi inapasua chupa.
4. Ya safari, chupa ziingie katika maji baridi, tuyapashe moto yasichemke, nusu saa; ndipo tukaze.

Yaliyochacha tusiyamwage: ni siki ya jikoni.