Askari wa Keya katika Msitu wa Malaya

Msomaji akaaye Kitengela au Kajiado amezoea nchi iliyo wazi. Asubuhi ya mbingu safi huviona vilima vya Ngong, na akiwa upande wa Kajiado, akitazama kusini, mara nyingine huuona hata Mlima Kilimanjaro. Mchungaji huwatambua ng'ombe wake wakiwa mbali, na mgeni ajapo vumbi lake humtangulia. Basi na afikiri nchi ambayo mtu haoni hatua ishirini mbele yake, ambako miti imefunga mbingu, na mvua ya mwaka ni kama milimita 2,500, yaani mara tatu au zaidi ya ile inyeshayo mahali pengi pa Kajiado. Huko ndiko walikopelekwa askari wa Kenya mwaka 1952. Somo hili laeleza walikwenda kwa sababu gani, walifanya kazi gani, na kwa nini vita vile viliamuliwa kwa wali na kwa nia ya wanakijiji kuliko kwa risasi.

ASILI YA VITA

Malaya ni rasi ndefu iliyo kusini ya Thailand. Leo ni sehemu ya Malaysia. Wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, na mali yake kubwa ilikuwa mpira na bati. Pamoja na Wamalai walikaa Wachina na Wahindi wengi, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi mashambani na migodini. Wajapani walipoiteka nchi mwaka 1942, Wakomunisti, ambao wengi wao walikuwa Wachina, waliingia msituni wakapigana nao, na Waingereza wakawapa silaha. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Waingereza walirudi kutawala, na Wakomunisti wakakusudia kuwaondoa.

Tarehe 16 Juni 1948 Wazungu watatu wa mashamba ya mpira waliuawa karibu na Sungai Siput, katika jimbo la Perak. Mwezi uo huo serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Kiongozi wa waasi alikuwa Chin Peng, yule yule aliyesaidiana na Waingereza kupigana na Wajapani. Mwezi wa Oktoba 1951 waasi walimvizia njiani mtawala mkuu wa nchi, Sir Henry Gurney, wakamwua. Ndipo Uingereza ikazidi kuita majeshi kutoka nchi zilizokuwa chini yake.

KEYA WAVUKA BAHARI

Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na wananchi walizoea kuliita Keya. Batalioni ya tatu, iliyokuwa ya Kenya, ilikwenda Malaya pamoja na batalioni ya kwanza ya Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Maofisa wao walikuwa Waingereza. Huko walikuta Wagurkha, watu wa Fiji na wengine waliotoka mbali kama wao.

Si mara ya kwanza kwa Keya kupigana katika msitu wa Asia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliwasukuma Wajapani katika Bonde la Kabaw, nchini Burma, mpaka mto Chindwin, katika mvua na tope. Lakini Burma askari alijua adui yuko upande gani. Malaya adui hakuwa na mstari wa mbele.

KAZI YA DORIA

Kazi kubwa ilikuwa doria. Kundi dogo liliingia msituni likiwa na chakula cha siku kadhaa mgongoni, likatembea kwa mstari mmoja pasipo kusema. Nguo hazikukauka. Ruba waliingia ndani ya viatu wakanyonya damu, na kila siku askari alikunywa dawa ya kuzuia malaria. Mara nyingine kundi lililala kando ya njia usiku kucha likivizia, na asipite mtu. Aghalabu doria ilirudi pasipo kumwona adui hata mmoja.

Kwa hiyo elimu ya nyayo ilikuwa na thamani kubwa. Mchungaji wa Kitengela anayemtafuta ndama aliyepotea hutazama majani yaliyolazwa na mavi yaliyo mabichi. Msituni ni vivyo hivyo: jani lililopinduliwa huonyesha upande wake mweupe, na maji yaliyo bado na tope ndani ya unyayo husema kwamba mtu amepita sasa hivi. Waliosifika kwa kazi hiyo ni Waiban, walioletwa kutoka Sarawak, katika kisiwa cha Borneo.

WALI NA SENG'ENGE

Hata hivyo, doria peke yake haikuweza kuvimaliza vita. Waasi walipokuwa wengi kabisa walikuwa kama 8,000, na watu hao walihitaji kula. Walipata mchele, dawa na habari kutoka kwa Wachina maskini waliolima kando ya msitu katika ardhi wasiyokuwa na hati yake. Wengine walitoa kwa kupenda, wengine kwa hofu.

Mwaka 1950 Jenerali Briggs alitoa shauri la kuwahamisha watu hao. Kama watu 500,000 walitolewa makwao wakawekwa katika vijiji vipya zaidi ya 400, vilivyozungushiwa seng'enge na kulindwa. Mchele uligawiwa kwa kipimo. Mahali pengine ulipikwa jikoni pamoja, maana wali uliopikwa huchacha upesi na hauwezi kufichwa msituni. Jenerali Templer, aliyefika Februari 1952, alisema kwamba ushindi hautapatikana kwa kumimina askari zaidi msituni bali katika mioyo ya watu. Palitolewa ahadi ya uhuru, na vijiji vingi vikapata shule na zahanati. Lakini tusisahau upande wa pili. Aliyehamishwa hakuulizwa, na mara nyingi nyumba yake ilichomwa. Tena mwezi wa Desemba 1948, mahali paitwapo Batang Kali, askari wa Kiingereza waliwaua wanakijiji 24 wasio na silaha.

MAMBO HAYO YAFIKA KENYA

Tarehe 20 Oktoba 1952, batalioni ya tatu ikiwa bado Malaya, Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya. Askari waliporudi mwaka 1953 walikuta msitu mwingine ukiwangoja, na safari hii waliowindwa walikuwa wananchi wenzao. Mwaka 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, kwa mfano wa Malaya. Karibu na Kitengela, pale Athi River, palikuwa na kambi ya kufungia watu bila kuhukumiwa.

Elimu ya msitu haikuwa ya upande mmoja. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa askari wa Keya huko Burma kabla ya kuwaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954.

MWISHO WAKE

Malaya ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1957, na Hali ya Hatari ikaondolewa huko tarehe 31 Julai 1960. Waasi walioshindwa walidai uhuru tangu mwanzo, na waliowashinda walilazimika kuutoa. Kenya ilipata wake tarehe 12 Desemba 1963. Siku hizo Keya ya Kenya ikawa jeshi la taifa, na batalioni ya tatu ikaitwa Kenya Rifles. Askari waliolinda utawala wa watu wengine ng'ambo sasa walikula kiapo kwa nchi yao wenyewe. Yafaa vijana wenye babu waliotumika Malaya au waliokaa vijijini nyuma ya seng'enge wawaulize wazee waliobaki, na kuyaandika majibu.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini Chin Peng alisaidiana na Waingereza kwanza, kisha akapigana nao?
2. Eleza jinsi wali uliopikwa ulivyoweza kuwa silaha.
3. Vijiji vya Malaya na vya Kenya vilifanana kwa mambo gani?
4. Askari aliyerudi kutoka Malaya mwaka 1953 alikuta shida gani ambayo hakuwa nayo ng'ambo?