Nyari ya Marafa: Jina, Ngano na Ushahidi wa Miamba

Utangulizi

Huko Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi, ardhi imekatika ghafla na kuacha korongo lenye kuta na nguzo za rangi nyeupe, ya waridi na nyekundu. Wagiriama huliita Nyari, jina linalofasiriwa kuwa "mahali palipovunjika penyewe". Watalii hulijua kwa jina la kigeni ambalo tafsiri yake ni Jiko la Jehanamu. Makala haya yanayalinganisha majina hayo na maelezo ya jiolojia, yaani elimu ya miamba, ili kubaini ni lipi linaloukaribia ukweli.

Ngano ya Nyari

Husimuliwa kuwa hapo paliishi jamaa tajiri wa mifugo, waliooga maziwa huku majirani wakiyakosa. Mungu akaghadhibika, akaudidimiza mji wao. Weupe wa kuta ni maziwa yale. Wekundu ni damu yao. Kimaudhui, ngano hii inakemea israfu. Lakini lipo jambo jingine la kuzingatiwa: katika masimulizi haya ardhi inadidimia, haiungui. Moto umeletwa na jina la kigeni.

Ushahidi wa Miamba

Kuta za Nyari si zao la volkano. Ni matabaka ya mchanga na udongo yaliyolundikana zamani na kushikamana kwa ulegevu. Mvua inaponyesha, maji hukusanyika katika vijifereji, hukata tabaka laini na kuchimba chini ya lile gumu, mpaka ukuta unaporomoka. Penye tabaka gumu juu, nguzo husalia. Wekundu hutokana na madini ya chuma yaliyoshika kutu.

Hii haimaanishi kuwa Pwani haijui moto wala mipasuko. Miamba yake ilipasuka Madagaska ilipoanza kujitenga na Afrika, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Vilima vya Jombo na Mrima, Kwale, ni mabaki ya miamba iliyoyeyuka ikapoa zamani sana. Baadhi ya volkano changa za Kenya, kama Longonot na Menengai, zimo katika Bonde la Ufa. Baharini, Karthala ya Ngazija ililipuka mwaka 2005. Na tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko lililotokea chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, lilihisiwa hadi Mombasa.

Hatari Iliyopo

Mkaazi wa Marafa anayeamini jina la Jehanamu atatazamia moshi, ilhali hasimu wake ni maji. Kila masika kingo za korongo humomonyoka na kusogea. Miti ikikatwa kingoni, mizizi iliyoushika udongo hutoweka na mmomonyoko huongezeka. Mgeni anayesimama ukingoni baada ya mvua yumo hatarini kuliko anayeogopa volkano.

Hitimisho

Imebainika kuwa jina la Nyari linaukaribia ukweli kuliko lile la kigeni, kwani linataja kuvunjika. Hata hivyo, neno "penyewe" lahitaji masahihisho: maji ndiyo yavunjayo, na mkono wa binadamu huweza kuyasaidia. Wanafunzi wa Kiswahili wanaounda istilahi za sayansi hawana budi kuyachunguza majina ya wenyeji kabla ya kutafsiri ya wageni. Jina baya hupotosha hofu, na hofu iliyopotoshwa haimkingi mtu.