MWENDO WA KIKUNDI NI MWENDO WA ALIYE NYUMA

Ndugu msomaji, baiskeli ni mali kubwa kijijini. Hupeleka mahindi mashineni, mazao sokoni na mgonjwa zahanati. Lakini kusafiri nayo mbali, tena watu wengi pamoja, kuna elimu yake. Leo tunaeleza siku moja ya safari yetu kutoka Mpanda Mjini hadi Sitalike, mkoani Katavi. Tutasema tulipofanya vizuri na tulipokosea.

Maandalizi

Tulikuwa watu saba. Ulikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kikali. Jioni ya kuamkia safari tulikagua breki, cheni, spoku na upepo wa matairi. Tulifunga pampu, spana, viraka na gundi. Tulibeba maji yaliyochemshwa, lita tatu kwa kila mtu, pamoja na sukari na chumvi.

Kisha tukapiga hesabu. Mpanda hadi Sitalike ni kama kilomita 36. Baiskeli yenye mzigo huenda kama kilomita 12 kwa saa. Gawanya 36 kwa 12, unapata saa 3. Tukaongeza saa 2 za kupumzika na kuziba pancha. Basi, tukiondoka saa 12:30 asubuhi, tutafika saa 5:30.

Tulichagua pia watu wawili wa kazi. Mmoja aliyeijua njia atangulie. Mwingine, mwenye pampu na spana, awe wa mwisho kabisa. Mtu yeyote asimpite wa mbele, wala asibaki nyuma ya wa mwisho.

Desturi hii wanayo hata wasafiri wakubwa. Tangu mwaka 2003 iko safari ya baiskeli iitwayo Tour d'Afrique, kutoka Kairo, Misri, hadi Cape Town, Afrika Kusini. Ilipoanza ilikuwa zaidi ya kilomita 10,000, na ilichukua karibu miezi minne. Miaka mingine msafara huo umepita hapa kwetu Mpanda. Wao nao huweka mtu wa kufunga msafara.

Kosa letu

Saa ya kwanza tulikwenda vizuri. Halafu kijana mmoja akachoka kungoja. "Ninyi mnatambaa kama konokono! Tutaonana Sitalike." Akakanyaga pedeli, akatokomea. Nasi tukacheka tu, hatukumzuia. Hilo lilikuwa kosa letu sote, siyo lake peke yake.

Kumbe dumu lake la maji lilikuwa kwenye keria ya mwenzake!

Haukupita muda, miiba ikatoboa magurudumu mawili. Kuziba kulitushika zaidi ya saa nzima. Ilipofika saa 4 tukakuta baiskeli imelala kando ya barabara, na kijana ameketi chini ya mti. Alikuwa ametangulia, akasubiri, akarudi kututafuta, nguvu zikamwishia. Kichwa kilimuuma, midomo imekauka, akiona kizunguzungu. Akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, nilidhani hamji tena."

Hakurogwa. Alipungukiwa maji mwilini. Mtu akitoka jasho jingi hupoteza maji na chumvi. Tulimlaza kivulini, tukamlegeza nguo, tukamlowesha kichwa. Kisha tukamchanganyia kinywaji hiki:

– maji safi na salama, lita 1;
– sukari, vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa;
– chumvi, nusu kijiko cha chai.

Alikunywa kidogo kidogo, akapata nafuu. Lakini angalia: mgonjwa akizimia au akianza kuweweseka, usimnyweshe kitu. Mpoze mwili kwa maji na umkimbize hospitali.

Tulipumzika saa nzima, tukagawana mzigo wake, tukaenda polepole. Sitalike tulifika saa 7 mchana. Tulichelewa, lakini tulifika saba.

Sitalike

Hapo unapita Mto Katuma. Kiangazi maji hupungua, na viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki. Tulitaka kuoga, wenyeji wakatukataza. Kiboko huua. Usikae kati yake na maji.

Mbele ya Sitalike ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Mna tembo, nyati na simba. Hatukuingia humo kwa baiskeli. Kesho yake tulizipakia kwenye gari, tukavuka.

Humo mna mbung'o pia. Hawa hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Baadhi yao huambukiza malale, ugonjwa unaoua usipotibiwa. Vaa mikono mirefu na rangi isiyo kali. Ukipata homa au maumivu ya kichwa na viungo baada ya kupita porini, wahi hospitali, na umweleze mganga ulikopita. Usingoje usingizi uanze kukusumbua mchana.

Ndugu msomaji, siku ile tulijifunza jambo moja. Mwenye nguvu akitangulia peke yake, kikundi hakijaenda haraka, kimevunjika. Kikundi kimefika pale tu mtu wa mwisho anapofika.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mwenye pampu na spana alikaa nyuma?
2. Kikundi kilikosea wapi? Ninyi mngefanya nini?
3. Kutoka kijijini kwenu hadi mjini ni kilomita ngapi? Mkienda kilomita 12 kwa saa, mtafika baada ya saa ngapi?